Lozi za Mkaguzi wa Mizani

Hakuna kitu kilichomchosha Mkaguzi kuliko mtu asiyejua jambo kulitolea shauri. Na tangu alipopanda mlozi nyuma ya jiko lake, watu wa namna hiyo walimjia kama nzi kwenye chombo kisichofunikwa.

Alikuwa amestaafu kazi ya ukaguzi wa mizani na vipimo. Kwa miaka thelathini na miwili alizunguka sokoni na madukani na sanduku la mawe ya shaba, akipima mawe ya wafanyabiashara kwa mawe yake. Jiwe lililopungua alilitwaa. Jiwe lililotobolewa chini na kujazwa risasi alilitwaa pia, hata kama uzito wake ulikuwa sawasawa, kwa kuwa kitu chenye kiraka, alisema, leo ni kizima na kesho ni cha uongo. Hakuwahi kupokea hata soda ya mfanyabiashara. Alipostaafu alirudisha sanduku, akapewa saa ya ukutani na hotuba fupi, lakini jina la Mkaguzi halikustaafu pamoja naye.

Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Mwanawe aliendesha malori ya safari ndefu, akawa kama mgeni nyumbani kwake mwenyewe. Nyumba basi ilibaki na watu wawili: Mkaguzi na mkamwana wake, mtoa dawa katika zahanati ya mtaa, mwanamke wa maneno machache ambaye hayo machache hayakukosa shabaha.

Mlozi aliutaka kwa sababu hakuna mtu mwingine mtaani aliyekuwa nao. Mapapai na mapera kila ua ulikuwa nayo, hata ua wa mtu asiyejua kushika jembe. Akaenda kwa muuza miche, kule nyuma ya kituo cha mafuta, akaulizia.

"Chukua huu, mzee," muuza miche akamwambia, akimwonyesha mche uliofika kiunoni. "Huu umebebeshwa. Chini shina gumu, juu tawi la lozi tamu."

Mkaguzi akauinamia, akavaa miwani. Akaona kovu kwenye shina, limezungushiwa utepe wa plastiki.

"Huu una kiraka."

"Si kiraka, mzee wangu. Miti yote ya matunda ya maana siku hizi..."

"Bwana, mimi viraka nimevijua kabla wewe hujazaliwa. Nipe mbegu. Mbegu haina ujanja."

"Mbegu ya mlozi ni kama mtoto, mzee. Humjui mpaka akue."

"Mtoto hufuata malezi," Mkaguzi akasema. Akanunua lozi tatu zenye maganda yake, akazitia mfukoni na kuondoka kwa mwendo wa mtu aliyeepuka kutapeliwa.

Basi akalea. Alizilowesha siku mbili, akazipanda kwenye makopo ya rangi yaliyotobolewa chini. Moja ilioza, mbili zikaota. Mche mmoja akauhamishia nyuma ya jiko, wa pili karibu na lango. Alizungushia kila mmoja pete ya mawe, akaweka samadi ya kuku iliyokaa, si mbichi, na kila jioni alimwagilia debe moja, si pungufu wala zaidi. Mkamwana akimwaga maji ya vyombo pale, ilikuwa kesi.

"Sabuni, mwanangu! Unauosha mti au unaunywesha?"

"Samahani, Baba. Nilidhani una kiu."

Mwaka wa pili vidukari walifunika majani machanga, akawafuta mmoja mmoja kwa kitambaa. Mwaka wa tatu shina lilitoa utomvu mzito kama gundi, naye akakaa wiki nzima akiukwangua na kuugulia kama anayeuguza mgonjwa. Mti wa langoni ulikwaruzwa na mkokoteni, ukadumaa. Na muda wote huo mashauri hayakukatika. Jirani wa ukuta wa pili, mwalimu mkuu mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu tu, alimwambia apigilie msumari kwenye shina ili mti uzinduke. Fundi cherehani wa upande wa pili wa barabara alisema mti mkaidi hutishwa: mmoja ashike shoka, mwingine auombee msamaha.

"Nitamtisha nani?" Mkaguzi akafoka. "Mti una masikio?"

"Mzee wangu, jaribu tu. Bibi yangu alifanya, mti ukazaa mpaka ukaomba kupumzika."

Mwaka wa tano, baridi ilipoanza kulegea, miti yote miwili ikachanua kabla haijatoa jani hata moja. Maua meupe yenye wekundu wa mbali katikati, mti umejaa kama uliomwagiwa povu. Mkaguzi alisimama mlangoni na kikombe cha chai hadi chai ikapoa. Baada ya wiki mbili maua yote yakapukutika, wala punje haikubaki. Akarudi kwa muuza miche amenuna. Akaambiwa kwamba mlozi haujitoshelezi. Ua la huu linataka unga wa ua la ule, na kama nyuki hawapo, afanye yeye kazi ya nyuki.

Mwaka wa sita, basi, Mkaguzi alipanda kwenye kigoda na brashi ndogo ya kuandikia mabango, akichukua unga kwenye maua machache ya mti wa langoni na kuyagusa ya mti wa jikoni, ua kwa ua. Mwalimu akachungulia juu ya ukuta.

"Mkaguzi! Siku hizi unapodoa miti?"

"Mwalimu, nenda kasahihishe madaftari."

"Nimestaafu."

"Basi kapumzike!"

Mwaka huo zilishika lozi kumi na moja, ndege wakala zote. Mwaka wa saba akafunika mti kwa pazia kuukuu la mlangoni, akazunguka na brashi yake tena, na mti ukazaa kweli. Vitunda vya kijani vyenye manyoya laini vilikua, vikakauka, maganda ya nje yakapasuka yenyewe. Mkaguzi akatandika mkeka, akaziangusha kwa fimbo, akazianika siku sita. Alipozipima, kwa mizani yake mwenyewe bila shaka, alipata kilo moja na nusu na konzi moja iliyozidi.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na lilizaliwa kwa heshima zote.

"Tuvunje moja tuonje, Baba," mkamwana akasema.

"Zawadi haionjwi. Ukimpa mtu kitu ulichokwisha kukila, umempa makombo."

Yeye mwenyewe hangeweza kuonja hata angetaka. Meno yake ya juu yalikuwa ya kuvaa, na tangu alipoyapasua kwa hindi la kuchoma aliapa kutorudia ujinga ule. Akamwagiza fundi cherehani amshonee mifuko mitatu ya kitambaa cheupe yenye kamba ya kufungia. Katika kila mmoja akatia nusu kilo, lozi zikiwa na magamba yake magumu, na kila mmoja akaushonea karatasi aliyoiandika kwa hati ile ile aliyoandikia vyeti vya mizani: *Lozi. Nusu kilo kamili. Bustani ya Mkaguzi.* Mfuko mmoja akampa Mwalimu. Mmoja akampa fundi cherehani. Wa tatu akampa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa kuwa ndiye aliyempa yale makopo ya rangi. Konzi iliyozidi akamwachia mkamwana aamue mwenyewe. Naye, bila kuonja kwa kumcha mkwewe, akampa muuza nyama wa pembeni aliyemsaidia kubeba mtungi wa gesi.

Zawadi zilitoka Jumapili. Kufikia Jumatatu sifa zilikuwa zimerudi. Mwalimu alisema hajapata kula kitu kama kile. Fundi alisema alizimaliza usiku ule ule. Mwenye duka, ambaye hata bei ya misumari huitamka kama anatozwa kodi ya maneno, alimpungia mkono kutoka ndani ya duka na kusema, "Mzee! Lozi!" Siku tano Mkaguzi alitembea mtaani kifua mbele.

Jumamosi asubuhi muuza nyama alisimama langoni, aproni yake ina madoa. Watu wawili hawa hawakuwa marafiki. Miaka mingi nyuma Mkaguzi alimtwalia mizani, na mwenzake hakusahau.

"Mzee Mizani," akaanza, "nimekukosea nini safari hii?"

"Nani kakwambia umenikosea?"

"Sasa mbona umenipa sumu?"

Mkaguzi akahisi damu ikimpanda kichwani. "Chunga mdomo wako."

"Mdomo ndio huo nilioutumia. Jana nimeipasua moja kwa mgongo wa shoka la mifupa, nikatafuna. Mzee, nimetema mpaka mate ya mwaka kesho. Uchungu ule si wa chakula. Zilizobaki nimezitupa chooni. Nimekuja kukwambia kwa sababu wewe uliponikuta na kosa uliniambia usoni. Basi." Akageuka na kwenda zake.

Mkaguzi alibaki akiyaita maneno hayo kisasi, wivu, ushamba. Lakini akamwita mkamwana, wakatafuta chini ya mkeka wakapata lozi mbili zilizosahaulika. Mkamwana akaivunja moja kwa mchi, akaing'ata nusu. Hapo hapo akakimbilia bombani.

"Chungu?" Mkaguzi akauliza, kana kwamba palikuwa na haja.

"Baba," mkamwana akasema akisukutua, "hii ni klorokwini iliyoota mtini."

Akampigia simu muuza miche. Mkaguzi alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na upande huo ulikuwa "Eh," na "Eh," na "Mtoto je?" Mkamwana akaiweka simu mezani polepole.

"Anasema mlozi wa mbegu huwa hivyo mara nyingine, hata mama yake akiwa mtamu. Na uchungu wenyewe ndio sumu. Mtu mzima akila moja atatema. Mtoto akila chache tu, tunaweza kumpoteza."

Mkaguzi akaketi kwenye kigoda. Wajukuu wa Mwalimu walikuwa watatu. Mwenye duka alikuwa na mapacha wanaotia mdomoni kila kitu, hata bawaba.

"Twende tukawaambie sasa hivi," mkamwana akasema.

"Tukawaambie nini? Kwamba nyumba hii imegawa sumu nusu kilo nusu kilo, na hati yangu juu yake?" Akashusha sauti. "Na wewe fikiri. Watasema baba mkwe anagawa sumu, mkamwana anagawa dawa, nani atajua kipi ni kipi? Nani atapokea kidonge mkononi mwako?"

Mkamwana aliona kwamba hilo lilikuwa kweli.

"Niachie mimi. Nitazirudisha kwa utaratibu, na hakuna atakayejua."

Utaratibu wenyewe ulikuwa huu: atasema mifuko ilipungua uzito. Ilimuuma, maana maishani mwake hakuwahi kusema amepunja; lakini kati ya aibu mbili alichagua ile ndogo. Akavaa koti, akaanza kwa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa akipiga pasi sebuleni.

"Mwalimu, nimekuja kwa ajili ya zile lozi. Nimegundua kosa katika upimaji. Mfuko wako una upungufu. Naomba nikaupime upya."

"Upungufu! Mkaguzi, acha hayo. Tulishazila zote."

"Zote?"

"Zote! Wajukuu waligombania hadi nikawatenganisha. Tamu, Mkaguzi, tamu ajabu!"

Mkaguzi akamtazama. Mtu huyu alifundisha watoto elfu kutosema uongo. Kama ni kweli wajukuu walikula, wangekuwa wamelazwa tangu Jumapili. Kama si kweli, mfuko uko wapi?

"Na wajukuu hawajambo? Matumbo?"

"Wako uwanjani wanapiga mpira. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Ladha yake ilikuwaje hasa, Mwalimu?"

"Si nimekwambia tamu? Unataka nikuandikie insha?"

Alitamani kumwambia, "Mwongo!" Lakini angemwita mwongo, ingembidi aseme amejuaje. Akaaga.

Kwa fundi cherehani mambo hayakuwa nafuu.

"Mzee wangu, nilizila usiku ule ule. Nikanywa na maji juu."

"Zote nusu kilo? Na magamba yale? Ulivunja kwa nini?"

"Kwa... mkasi."

"Mkasi wa nguo?"

"Mkasi mkubwa."

"Fundi, nieleze ladha ya lozi."

Fundi akatazama dari kama atakayeikuta imeandikwa huko. "Ladha ya lozi ni... kama karanga, mzee. Ila karanga iliyosoma."

Mwenye duka alikuwa akipima nondo. Alisema bila kuinua kichwa kwamba mkewe alizitia kwenye keki, na keki ile haitasahaulika.

"Mapacha walikula?"

"Walilamba hadi sinia."

"Na wako hai?"

Mwenye duka akainua kichwa sasa. "Mzee, una maneno gani leo?"

Mkaguzi alirudi nyumbani na hasira tele. Watu watatu, uongo mara tatu, na mfuko hata mmoja hakuuona. Alijua vizuri kilichotokea. Zawadi ilikuwa nzuri mno. Mtaani kwao kitu kizuri hakiliwi, kinawekwa juu ya kabati kikingoja mtu wa kupewa. Yeye mwenyewe alikuwa na seti ya glasi iliyopita nyumba nne kabla ya kumfikia, na bado ilikuwa ndani ya boksi lake. Lakini lozi zimekwenda kwa nani? Na huyo naye atampa nani? Zinaweza kufika popote, zimebeba jina lake.

"Ungewaambia kweli, wangekwambia kweli," mkamwana akasema, akifunga skafu yake. "Baba, saa nane hii. Tuna shughuli ya Matroni."

Matroni wa zahanati alikuwa anastaafu, na mtaa mzima ulialikwa kumuaga. Mkaguzi hakuwa na moyo wa kwenda, lakini asipoonekana ingeulizwa kwa nini. Wakaenda. Ukumbi wa zahanati ulikuwa umepambwa kwa karatasi za rangi, viti vya plastiki vimejaa, watoto wanakimbizana chini ya madirisha. Mbele palikuwa na meza ndefu ya zawadi.

Mkaguzi aliona mfuko wa kwanza kabla hajaketi. Kitambaa cheupe, kamba, karatasi. Akasogeza miwani. Akaona wa pili, umeegemea birika jipya. Wa tatu ulikuwa juu ya boksi la sahani, umefungwa na utepe mwekundu ambao si yeye aliyeutia.

Kwa dakika moja alishukuru. Zote tatu mahali pamoja, hazijaguswa! Kisha akawatazama wenye zawadi. Mwalimu alikuwa akichunguza kucha zake. Fundi alikuwa anaangalia feni. Mwenye duka alikuwa ametoka nje kupokea simu isiyolia.

"Ngoja hotuba ianze," Mkaguzi akamnong'oneza mkamwana. "Nitapita pembeni nizichukue taratibu."

"Zawadi za watu, Baba? Mbele ya watu?"

"Zawadi zangu!"

Hotuba ikaanza, naye akanyanyuka. Alipita ukutani kama mtu anayetafuta msala, akaifikia meza, akatia mfuko wa kwanza kwapani. Alipougusa wa pili, mshereheshaji, kijana wa maneno mengi aliyeshika kipaza sauti kama asiyetaka kukirudisha, akamwona.

"Jamani, jamani! Tazameni! Mzee Mkaguzi amekuja kupima zawadi kama zimetimia!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu akapiga kelele, "Mzee, na birika pia, lisije likawa limepungua!"

"Na ni lozi!" mshereheshaji akaendelea, akiokota mfuko wa tatu na kuusoma. "Nusu kilo kamili! Matroni, tutakubali kuziangalia tu? Watoto, njooni! Leteni jiwe!"

Watoto hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mfuko ukafunguliwa, lozi zikamwagika mezani, na binti mdogo wa miaka mitano hivi akavua kiatu chake na kuigonga moja kwa kisigino. Ikapasuka mara ya pili. Akaitoa punje, akaipuliza vumbi.

"Tema!" Mkaguzi akapaza sauti, ingawa mtoto alikuwa bado hajaitia mdomoni. Akamfikia kwa hatua mbili ambazo magoti yake hayakuzifanya kwa miaka kumi, akampokonya. Mtoto akalia. Mama yake akasimama. "Mzee, vipi? Unampokonya mtoto lozi?"

Kicheko kilikatika. Watu wakamtazama mzee mwenye koti, mifuko miwili kwapani, punje moja mkononi, mtoto analia mbele yake. Mkaguzi alimwona mkamwana kule nyuma, amesimama, mikono ameikunja kifuani. Uongo wa uzito ulikuwa tayari mdomoni mwake. Akaumeza.

"Hizi lozi ni za kwangu," akasema. Mshereheshaji, kwa bahati mbaya, akamwekea kipaza sauti, kikasema naye ukumbi mzima. "Nimezilea miaka saba. Ni chungu, na uchungu wake ni sumu. Mtoto akila chache anaweza kufa. Nilizigawa bila kuzionja. Leo asubuhi nimejua, na tangu asubuhi nimekuwa nikizitafuta kwa uongo, nikisema zimepungua uzito. Hazijapungua. Ziko kamili. Kosa ni langu. Mkamwana wangu hakuhusika. Alitaka kuonja, nikamkataza."

Aliyesimama wa kwanza alikuwa Matroni mwenyewe, mama mnene wa sauti ya chini, aliyeacha kuagwa na kurudi kazini papo hapo.

"Nani amekula lozi hizi?"

Watu wakatazamana.

"Siulizi umbea, nauliza kazi. Aliyekula anyooshe mkono."

Muuza nyama peke yake akanyoosha. "Moja. Jana. Nilitema, na leo nimemwambia."

"Wewe uko sawa. Nani mwingine?"

Mkaguzi alijua kwamba muungwana angenyamaza. Lakini siku nzima ilikuwa imemjaa kooni.

"Mwalimu alisema wajukuu wake waligombania."

Vichwa vyote vikamgeukia Mwalimu. Matroni akamtolea macho. "Mwalimu? Watoto wangapi? Saa ngapi?"

"Hawakula," Mwalimu akasema.

"Una hakika?"

"Hawakuziona hata kwa macho! Nilizipandisha kabatini Jumapili, zikashuka leo kuja hapa. Basi, mmefurahi?"

"Fundi?"

"Mimi nilikuwa nazitunza, Matroni. Kwa heshima yako."

"Na ile keki?" Mkaguzi akauliza akigeukia mlangoni, ambako mwenye duka alikuwa amerudi na simu yake.

"Keki ilikuwa ya mwaka jana," mwenye duka akasema. "Ya karanga."

Kicheko kilichofuata kiliwafikia wagonjwa wa wodi ndogo. Hata yule mama wa mtoto alicheka, akafuta machozi ya bintiye. Lakini Mkaguzi hakucheka. Alizizoa lozi zilizomwagika, akamkabidhi Matroni mifuko yote mitatu na ile punje, akarudi kukaa, akajiona amekwisha.

Kilichomkera zaidi ni kwamba hakuachwa aaibike kwa amani. Shughuli ilipomalizika walikuja kumshika mkono mmoja mmoja. Huyu alimwambia ameonyesha mfano. Yule alimwambia hata yeye alishuku tangu mwanzo. Wa tatu alimwambia tatizo ni msumari, angepigilia msumari.

"Twende nyumbani," akamwambia mkamwana, "kabla sijamuuma mtu kwa meno haya."

Karibu na lango Mkaguzi akauliza, "Jumatatu, unadhani watapokea dawa kwako?"

"Watano wameniomba dawa za kichwa pale pale ukumbini. Sikuwa nazo. Walidhani natembea nazo." Akafungua lango. "Na Matroni ameniomba niwafundishe akina mama juu ya mimea yenye sumu. Anasema mfano tunao nyumbani."

"Mfano!" Mkaguzi akasema, akaingia ndani kwa kishindo. Lakini usiku huo alilala vizuri.

Asubuhi yake alimpigia muuza miche. Muuza miche hakusema "nilikwambia", na hilo lilimuudhi Mkaguzi kuliko kama angelisema. Alisema tu kwamba shina ni zima, mizizi imeshika, na baridi ikija anaweza kulikata juu na kulibebesha matawi ya lozi tamu. Mkaguzi akajibu atafikiri. Mkamwana, aliyekuwa akichuja chai, aliendelea kuichuja bila kuinua macho.

Mara mlango ukabishwa. Alikuwa Mwalimu, amevaa vizuri kama wa mkutano wa wazazi, mkononi chupa ya jemu ya mapera yenye kifuniko cha kitambaa.

"Mkaguzi, sikuja kwa maneno mengi. Jana nilikudanganya nyumbani kwangu. Mimi, mwalimu. Nimeipika mwenyewe hii. Pokea."

Mkaguzi aliipokea, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa nyekundu, nzuri, na mtu mwingine angeipandisha kabatini.

"Mwanangu," akaita, "lete vijiko viwili."

"Viwili vya nini?" Mwalimu akauliza.

"Kaa."

Akafungua chupa, akachota, akaonja kwa kituo, akiizungusha juu ya ulimi kama aliyekuwa akisikiliza mizani ikitulia. Mwalimu alimngoja ameinua kidevu.

"Imeungua," Mkaguzi akasema.

"Imeungua?"

"Chini. Si sana. Lakini imeungua."

"Katika nyumba hii mtu haletwi kitu akashukuru?" Mwalimu akanyakua kijiko cha pili, akachota nyingi, akala. Akatulia. Akaonja tena, kidogo. Uso ukamnywea kama wa mtu aliyekuta kosa katika daftari alilolisahihisha mwenyewe.

"Imeungua," akakubali.

"Ulipika nyingi?"

"Chupa tano."

"Na hizo nne?"

Mwalimu akaweka kijiko chini. Mkamwana alikuwa mlangoni, amefunika mdomo kwa kiganja.

"Nimekwisha kuwapa watu," Mwalimu akasema. "Tangu wiki iliyopita."

"Wamesemaje?"

"Wote wanne," Mwalimu akasema polepole, "wameniambia hawajapata kula jemu kama ile."

Mkaguzi akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, kisha akasukuma chupa katikati ya meza na kuchota tena.